Maji Machafu Yanaporudi Nyumbani: Tohara Huanzia Shimoni



Wasomaji wetu wapenzi, katika vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa chuoni tangu udogo, mlango wa kwanza ni mlango wa tohara. Mtoto hufunzwa habari ya maji kabla hajafunzwa rakaa za alfajiri. Juma hili twaufungua mlango huo huo, lakini kwa upande ambao ni nadra kuzungumzwa barazani, nao ni habari ya maji ya chooni yanayorudi ndani ya nyumba kupitia tundu la bafuni.

Sababu ya kuyaandika haya ni barua iliyotufikia kutoka Khwisero, katika kaunti ya Kakamega. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza, pwani na Khwisero wapi na wapi? Lakini njia baina ya pwani na nchi ya Waluhya si ngeni. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias tangu karne ya 19, na Uislamu ukaingia huko pamoja nayo. Hadi leo familia zetu zimeoana na familia za huko, na binti zetu wamo katika nyumba za Mumias, Butere na Khwisero.

Aliyetuandikia ni mmoja wa binti hao. Mumewe anafanya kazi Mombasa, naye amebaki nyumbani kwa mume pamoja na watoto watatu na mama mkwe wake. Nyumba yao imejengwa kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi upande ule wa vilima. Kwa hiyo ina vyumba viwili vya chini vilivyochimbwa nusu ndani ya ardhi, pamoja na bafu dogo. Mama mkwe hulala huko chini kwa sababu magoti yake hayawezi ngazi. Masika yalipoanza, tundu la kutolea maji sakafuni mwa bafu hilo lilianza kuguna. Siku ya tatu likatoa maji meusi yenye harufu, yakaenea hadi chini ya kitanda cha bibi.

Dada yetu alichota, akapangusa, akafua, peke yake. Baada ya wiki mbili yakarudi. Kisha yakarudi tena. Kila mara alimpigia simu mumewe, na kila mara alitumiwa pesa za sabuni na dawa ya sakafu. Sasa mtoto wa mwisho anaharisha. Dada yetu anauliza mambo matatu: nini kinachorudisha maji hayo, vipi ataitoharisha nyumba ili sala ya bibi isiharibike, na kazi hii ni ya nani. Tutayajibu kwa mpangilio huo.

Kwa nini maji hurudi

Khwisero, kama sehemu kubwa ya mashamba ya Kakamega, haina mtaro wa maji taka wa umma unaopita mlangoni mwa kila nyumba. Kaya nyingi hutumia choo cha shimo uani. Wale waliojenga nyumba za mawe zenye choo cha ndani hutegemea tangi la maji taka na shimo la kunyonya. Si mambo ya bara peke yake, kwani nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu nazo hukaa juu ya mashimo ya namna hii, na yatakayosemwa hapa yanawahusu pia.

Tangi hufanya kazi kwa utulivu. Uchafu mzito huzama chini ukawa tope, mafuta huelea juu yakawa ukoko, na maji ya katikati hutoka polepole kuingia katika shimo la kunyonya, ambako ardhi huyameza. Kazi hiyo huvurugika kwa mojawapo ya njia nne. Huenda bomba limezibwa na kitambaa, nepi, sodo, nywele au mafuta ya kupikia yaliyoganda. Huenda tope limejaa tangini kwa kuwa halijanyonywa kwa miaka mingi. Huenda kuta za shimo la kunyonya zimezibana kwa uchafu, zisiweze kumeza tena. Au ardhi yenyewe imeshiba maji ya mvua, hata shimo halina pa kuyapeleka.

Kakamega hupata mvua nyingi kuliko kaunti nyingi za Kenya, na masika yake hayana mzaha. Hapo ndipo kosa la ujenzi hufichuka. Dada yetu ametueleza kwamba mifereji ya bati imeunganishwa na mabomba ya maji taka ili kuokoa gharama ya bomba jingine. Maana yake ni kwamba kila mvua inyeshapo, paa zima humiminika katika tangi lililopimwa kwa maji ya watu sita.

Na kwa nini yatokee chumbani kwa bibi, wala si ghorofani? Kwa sababu maji hutafuta usawa wake. Yakikosa njia ya kwenda mbele, hupanda nyuma katika bomba, na hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Chumba cha chini hulipa makosa ya nyumba nzima. Anayeoga juu haoni kitu, bali aliye chini ndiye anayefurikiwa.

Kuna njia nyepesi ya kutambua tatizo liko wapi. Ikiwa tundu moja tu limegoma na mengine yanapitisha maji vizuri, kizuizi kiko karibu na tundu hilo. Lakini ukimwaga maji chooni juu na tundu la chini likaguna au kupandisha maji, basi njia kuu au tangi limezidiwa. Kisha na ifunuliwe chemba, yaani kile kisanduku cha saruji chenye kifuniko, kilichoko nje ya ukuta. Chemba ikiwa tupu, kizuizi kiko baina yake na nyumba. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele, kwenye tangi au shimo. Fundi bomba akielezwa hivi kwa simu, atajua vifaa gani aje navyo, na mwenye nyumba hatatozwa pesa za kubahatisha.

Saa ya kwanza

Maji yanapoanza kupanda, jambo la kwanza si kuchukua ufagio. Jambo la kwanza ni kufunga maji. Asioge mtu, asifue mtu, asivute mtu maji ya choo, hata ghorofani, kwani kila ndoo inayomwagwa juu huongeza kilicho chini. Kama maji yamekaribia soketi au waya za umeme, zimeni swichi kuu, ikiwa mnaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama haifikiki, msiingie chumbani humo mpaka apatikane fundi umeme.

La pili, watolewe wasiostahili kuwapo: watoto, wajawazito, wazee, wagonjwa na mwenye kidonda kilicho wazi. Maji haya yana vijidudu vya kuharisha, vya homa ya matumbo na mayai ya minyoo, na wakati wa mripuko huweza kubeba kipindupindu. Anayesafisha na avae viatu vya mpira na glavu, afunike mdomo na pua, afungue madirisha, na asile wala asiguse uso mpaka amalize na kuoga kwa sabuni.

La tatu, msimwage tundunimo dawa kali za kuzibulia. Njia kuu ikiwa imejaa, dawa haina pa kwenda. Itakaa juu ya maji ikimngoja fundi aje aungue mikono. Wala msichanganye dawa ya klorini na tindikali, au na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kutoa hewa ya sumu.

La nne, kuweni na subira na gari la kunyonya maji taka. Wengi hudhani dawa ni kulita siku hiyo hiyo ya mvua. Ardhi ikiwa imejaa maji hadi juu, tangi likinyonywa likawa tupu huweza kusukumwa na maji ya ardhini likainuka, hasa yale ya plastiki, au likapasuka. Tena maji ya shimo la kunyonya hurudi tangini usiku ule ule, na pesa zikawa zimekwenda bure. Na ainyamazie mvua kwanza, maji ya ardhini yashuke, ndipo tangi linyonywe na kukaguliwa. Mwenye gari aulizwe kibali chake cha mamlaka ya mazingira, NEMA, na mahali anapokwenda kumwaga. Uchafu ulioondoka kwako ukamwagwa mtoni haukuondoka, umehamishiwa kwa mwingine.

Kuitoharisha nyumba

Sasa twende kwenye swali la sala. Maji ya chooni ni najisi, na hilo halina khitilafu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, najisi hii ni ya daraja la kati. Haihitaji kuoshwa mara saba kama ile ya mbwa na nguruwe. Linalotakiwa ni kuiondoa najisi yenyewe kwanza, yaani dutu yake, ladha yake, rangi yake na harufu yake, kisha kupitisha maji safi juu ya mahali hapo. Sote twaijua hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini. Mtume (s.a.w.) aliwazuia masahaba wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe juu ya mahali pale. Ndani ya kisa hicho mna upole kwa mtu na mna ilimu ya usafi.

Inapendeza kuona namna sheria na utabibu wanavyokubaliana hapa. Wataalamu wa afya husema klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijawafikia vijidudu. Basi utaratibu ni huu. Kwanza chota na ondoa tope lote, lifukiwe mbali na kisima au lirudishwe chooni mambo yakitengenea. Pili sugua sakafu na sehemu ya chini ya kuta kwa maji ya sabuni. Tatu mwagia dawa ya klorini. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 6 vya maji, upate nguvu ya asilimia 0.5, na uiache sakafuni dakika 10 au zaidi. Nne, suuza kwa maji matupu.

Hatua hii ya nne wengi huiacha, nayo ndiyo ya kisheria hasa. Maji yaliyogeuka sana kwa sabuni au dawa hayaitwi tena maji mutlaki, na kwa Imamu Shafi tohara haipatikani ila kwa maji mutlaki. Sakafu inaweza kunukia dawa na ikawa bado haijatoharika. Ndoo moja ya maji safi ya mwisho, yakamwagwa yakapita juu ya sakafu yote, ndiyo inayofunga kazi. Wala msingoje jua na upepo, kwani katika madhehebu yetu ardhi haitohariki kwa kukauka, ingawa wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanalo hilo.

Nguo nazo zina adabu yake. Maji yakiwa machache, ni maji yanayopaswa kuijia nguo, si nguo kutumbukizwa majini. Kanga yenye najisi ikitiwa katika beseni, hunajisi beseni zima na nguo nyingine zote zilizomo. Iondoeni najisi kwanza, kisha mimineni maji juu yake na kuikamua. Ikibaki alama ya rangi, au harufu iliyokaidi baada ya juhudi, imesamehewa. Mikeka ya ukindu huoshwa na kuanikwa. Godoro la sifongo lililokunywa maji ya chooni ni bora litupwe. Litaweza kutoharika kwa maji mengi, lakini vijidudu na ukungu hubaki ndani yake, na mwenye kulilalia ni bibi wa watu. Msahafu uliofikwa na najisi uinuliwe mara moja kabla ya jambo jingine lolote. Unaoweza kuokolewa uokolewe, na usioweza na upelekewe sheikh wa msikiti aushughulikie kwa heshima.

Ama sala ya mama mkwe, jibu ni jepesi. Kama sakafu imekauka lakini bado haijatoharishwa, na hana pengine pa kwenda, atandikiwe mkeka safi mzito au busati. Sala yake itasihi, ijapokuwa ni makuruhu kusali mahali kama hapo bila dharura. Ikiwa unyevu wa najisi unapenya mkeka ukafika kwenye nguo au mwili wake, hapo haisihi. Aliyesali bila kujua, kisha akabainikiwa kwamba palikuwa na najisi, madhehebu yetu humtaka airudie. Pasipo yakini asiingiwe na wasiwasi, kwani asili ya vitu ni tohara.

Kisima na chemchemi

Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya vipakiti vya zahanati, anyonyeshwe kama bado ananyonya, na apelekwe kituo cha afya. Asicheleweshwe akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa. Lakini pia iulizwe familia inakunywa maji gani. Dada yetu anasema hutumia kisima kilichoko uani, chini kidogo ya tangi.

Hapa twapenda wasomaji waelewe jambo moja vizuri. Fiqhi yasema maji yaliyofika kulateni, kadiri ya lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kisima kikipita kipimo hicho, kwa hukumu ya udhu, maji yake ni tohara maadamu hayajabadilika. Lakini hukumu ya udhu si cheti cha kunywa. Vijidudu havina rangi wala harufu, na kujilinda na dhara ni wajibu unaosimama peke yake. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini ya kunywa mpaka kisima kipimwe. Na choo cha shimo au shimo la kunyonya lisiwe karibu na kisima chini ya mita 30, wala lisiwe upande wa juu wake.

Gharama ya kulipuuza hilo imeandikwa katika historia. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika muda wa wiki chache. Tabibu John Snow alionyesha kwamba wafu wengi walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Kasisi msaidizi wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakuafiki rai ya Snow mwanzoni. Akapita nyumba baada ya nyumba akiuliza, na ni yeye aliyepata chanzo. Katika nyumba nambari 40, mtoto mchanga alianza kuharisha siku chache kabla ya wengine. Mama yake alikuwa akifua nepi zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu lililokuwa chini ya nyumba, upande wa mbele. Shimo lilipofukuliwa mwaka 1855, matofali yake yalikutwa yamelegea, na kisima cha pampu kilikuwa umbali usiofika mita moja.

Tutafakari. Mama yule alifanya kila ambalo mama mwema hufanya. Alimfulia mwanawe, akayamwaga maji machafu mahali pa maji machafu. Kilichomsaliti ni ukuta uliooza chini ya ardhi, ambao haikuwa kazi yake kuujenga wala kuukagua. Sisi nasi hatukusalimika. Kipindupindu kilipita Unguja mwaka 1869 na 1870, na tabibu James Christie, aliyekuwa huko, alichapisha kitabu juu ya maradhi hayo ya Afrika Mashariki mwaka 1876. Kenya ya leo bado hupatwa na miripuko yake, karne na nusu baada ya dunia kujua sababu.

Shimo huua

Kabla ya kusema kazi ni ya nani, twasema kazi isiyo ya mtu yeyote. Asiingie mtu tangini wala shimoni. Habari za vijana walioshuka shimoni kuzibua au kutoa simu iliyoanguka, wasitoke hai, zimesikika mara nyingi nchini. Ndani mna hewa ya sumu yenye harufu ya yai viza. Inapozidi, huiua pua kwanza, mtu asiinuse tena, akadhani imeondoka. Mwingine humfuata kumwokoa, naye huanguka juu yake, na nyumba moja ikatoa majeneza mawili. Kushusha mshumaa ili kupima hewa ni hatari nyingine, maana mna hewa inayowaka. Mafundi wenye magari hunyonya wakiwa juu. Anayesema atashuka kwa bei nafuu, mwambieni roho yake haina bei.

Vifuniko navyo viwe vizima na vizito. Mtoto anayecheza juu ya ubao uliooza yuko hatua moja na mauti.

Kazi hii ni ya nani

Tumefika kwenye swali la tatu, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika nyumba zetu nyingi, uchafu ukionekana ni wa mwanamke. Maji yakirudi, mama huinama. Binti mkubwa huinama naye, au msichana wa kazi ambaye hapewi hata glavu. Mwanamume huuliza jioni kwa nini pananuka.

Sheria haikuyagawa mambo hivyo. Makazi ni sehemu ya nafaka, na nafaka ni juu ya mume. Makazi si kuta na bati tu. Ni mahali panapofaa kuishi, kulala na kusali. Shimo lililojaa ni upungufu wa makazi kama paa linalovuja. Kutuma pesa za sabuni mara tatu kwa maji yanayotoka tangini ni sawa na kukinga ndoo chini ya paa lililotoboka miaka mitatu. Twamwambia ndugu yetu aliye Mombasa, na wengine walio mfano wake: hesabuni pesa za sabuni, za godoro jipya na za hospitali ya mtoto, muone kama hazijakaribia bei ya fundi na gari. Na kama haujafika uwezo, dhamira na mashauriano na mke ni nusu ya njia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwake kwa mikono yake, basi mwanamume mwenye viatu vya mpira na koleo hajapungukiwa na heshima.

Kwa wanaopanga, mafaqihi wa Kishafi hawakuliacha jambo hili. Katika mlango wa ijara wameandika kwamba mwenye nyumba humkabidhi mpangaji shimo likiwa tupu. Yatakayojaa baadaye, ni heri waandikiane mapema nani atalipia, kuliko kugombana magoti yakiwa majini.

Kisha kuna jirani. Khwisero majirani wetu wengi ni Wakristo, na haki ya jirani haiulizi dini. Tangi likifurika, hufurikia upande wa chini, na wengi wa Kakamega huteka maji katika chemchemi zilizo mabondeni. Tumefunzwa kwamba anayechafua maji ya watu, njia yao au kivuli chao hujitafutia laana, na kwamba mtu hana haki ya kumdhuru mwenzake. Sheria ya nchi nayo yasema karibu hayo hayo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu mtaro au shimo la uchafu linalodhuru afya kuwa kero ambayo mwenye mahali aweza kuamriwa aiondoe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha na ya maji safi na salama, na huduma za maji na usafi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Basi afisa wa afya ya umma aitwe bila haya. Kumwita si kumfedhehi mume.

Kwa wanaojenga

Wazee wetu walifikiri choo walipofikiri nyumba. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, mashimo ya vyoo vya ndani yaonekana hadi leo. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji bafuni lilifugwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Leo twaanza na rangi ya vigae vya ukumbi, na shimo huchimbwa mwisho, kwa pesa zilizobaki.

Anayejenga na ayazingatie haya machache. Maji ya paa yawe na njia yake, yasikutane kabisa na maji ya choo. Chumba cha chini kikiwa na bafu, bomba lake liwekewe vali ya kuzuia maji kurudi, na vali hiyo isafishwe kila mwaka kabla ya masika. Bora zaidi, bafu la chini lisiwepo ikiwa sakafu yake iko chini ya usawa wa tangi. Kila kona ya bomba iwe na chemba. Njia ya gari la kunyonya ifikiriwe kabla ya ukuta wa ua kusimama. Tangi likaguliwe kila mwaka, na linyonywe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, au tope linapofika theluthi yake. Jikoni pawekwe chombo cha mafuta yaliyotumika, na chooni ndoo yenye kifuniko ya nepi na sodo, tena mabinti waelezwe bila kuaibishwa.

Dada yetu wa Khwisero, kwako twasema hivi. Tenganisha kwanza mfereji wa bati na bomba la maji taka, kazi ambayo fundi huimaliza kwa muda mfupi. Mhamishe mama mkwe kwenye chumba kikavu, hata kama ni ukumbini, mpaka mvua ipoe. Chemsha maji. Na gazeti hili mtumie mumeo. Msomee kwa simu kama hana wasaa wa kusoma.

Mtume wetu (s.a.w.) aliihesabu tohara kuwa nusu ya imani. Alipopita penye makaburi mawili, alitujulisha kwamba mmoja wa wenyewe aliadhibiwa kwa jambo ambalo watu huliona dogo, nalo ni kutojikinga na mkojo. Anayejikinga tone nguoni, vipi ataridhika na tangi zima chini ya kitanda cha mama yake?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitoharishe nyumba zetu, dhahiri yake na batini yake, awaponye watoto wetu, na awalipe kheri kina mama ambao kwa miaka mingi wameinama peke yao juu ya sakafu hizi. Amin.